Je, wajua kwa nini maji yakijaa Jangwani foleni inatokea Salenda?

Mvua ikipiga sana Dar, Jangwani panajaa maji, barabara ya Morogoro inafungwa pale kati ya Magomeni na Faya, na muda si mrefu mtu anayetoka Mikocheni ambaye hana shida yoyote na Jangwani anakaa kwenye daraja la Salenda hasogei. Inakuwaje?

Wengi tunalaumu daladala zinazochomekea, sawa, zipo, ila tatizo kubwa ni barabara zenyewe zimeunganaje. Cheki ramani: Kilwa, Nyerere, Morogoro na Bagamoyo (ikikaribia mjini inaitwa Ali Hassan Mwinyi), zote nne zinatoka nje zinakimbilia Kariakoo na Posta. Za kuzikata kwa upande ni chache mno. Ya maana ni Mandela, inapita Tazara, Buguruni, mpaka Ubungo, halafu Sam Nujoma inapokea hadi Mwenge, kwahiyo mtu wa Temeke anayeenda Mwenge anabanana na lori la bandarini linaloenda Zambia. Ukisema ukate ndani kwa ndani Manzese, unaweza kutokea kwenye kichochoro cha bodaboda tu.

Sasa ongeza bonde la Msimbazi, kulivuka kwa gari kuna sehemu za kuhesabu: Salenda, Jangwani, Kigogo, Tabata kwenye Mandela. Ikifungwa moja magari yake hayapotei, yanahamia zilizobaki, ambazo asubuhi zilishajaa, na barabara ikishajaa hata magari machache ya nyongeza yanaivuruga kabisa, foleni inarudi nyuma mpaka inaziba njiapanda, na waliokuwa wanakata kona tu waende kwingine nao wanakwama humohumo. Daraja la Tanzanite la 2022 limesaidia kwa sababu limeongeza sehemu ya kuvukia.

Flaiova ni kitu kingine. Ile ya Mfugale pale Tazara, 2018, na ya Kijazi Ubungo, 2021, zimepunguza kusubiriana pale pale zilipo, ila njia mpya hakuna, gari linawahi tu kufika kwenye taa za mbele. Mimi nazipenda zaidi barabara kama Mbezi–Malamba Mawili–Kinyerezi, hazipigiwi picha sana, lakini mtu wa Mbezi anaenda eapoti bila kugusa Ubungo wala Tazara, na nafasi yake kule anaiacha kwa mwingine.