Darlington si kukata kushoto tu

Nikiwawekea wenzangu mbio za NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani, hazipiti dakika tano kabla mmoja hajauliza: "Kwani hawa si wanakata kushoto tu?" Sisi tumekulia simulizi za Safari Rally, matope ya Pasaka na magari kuvutwa kwa kamba, kwa hiyo lami iliyozungushiwa ukuta tunaiona nyepesi. Mimi naona tunawanyima madereva wale haki yao. Tutazame uwanja mmoja tu, Darlington, ulioko Carolina Kusini nchini Marekani, maana dhana nyingi potofu kuhusu mbio hizi zinavunjikia pale.

Dhana ya kwanza: viwanja vya duara vyote ni sawa, ukikijua kimoja umevijua vyote. Ukweli ni kwamba Darlington si duara hata kidogo; una umbo la yai. Harold Brasington alipoanza kuujenga mwaka 1949, mwenye shamba, Sherman Ramsey, alikubali kuuza ardhi kwa sharti moja: bwawa lake la visamaki vya chambo lisiguswe. Brasington ikabidi aibane njia upande mmoja ili alikwepe bwawa. Ndiyo maana hadi leo kona ya 1 na ya 2 ni pana, lami yake imeinamia ndani kwa nyuzi 25, ilhali ya 3 na ya 4 ni za kubana, nyuzi 23. Mzunguko mzima ni maili 1.366, kama kilomita 2.2.

Lile bwawa linawasumbua mafundi mpaka sasa. Fundi akilitengeneza gari likubaliane na upande mpana, upande finyu litagoma: ama mkia unaponyoka, ama pua inakataa kugeuka na gari linaelekea ukutani. Hakuna namna ya kulipanga likatulia pande zote mbili. Pengo linalobaki analijaza dereva kwa mikono na miguu yake, kila mzunguko, na Southern 500, mbio kubwa za uwanja huu, zina mizunguko 367.

Kwa hiyo ni kweli anakata kushoto. Lakini kila kona inamdai uamuzi wake: aachie mafuta wapi, aguse breki kiasi gani, arudishe mafuta lini bila kuyachoma matairi ya nyuma. Kule Talladega, uwanja mwingine wa NASCAR, magari huenda kwa msafara, mguu ukiwa chini karibu mzunguko mzima, la nyuma likinufaika na upenyo wa hewa uliofunguliwa na la mbele. Darlington, kumfuata mwenzako kwa karibu kwenye kona kunaweza kukuponza, kwa sababu gari la mbele linakunyang'anya hewa ambayo ingekandamiza pua ya gari lako kwenye lami.

Dhana ninayoipinga kwa nguvu zaidi ni ile inayosema mwenye kasi kuliko wote ndiye mshindi. Southern 500 ya kwanza kabisa, Septemba 4, 1950, iliikanusha siku ileile. Magari 75 yalipanga mstari. Johnny Mantz alianza nafasi ya 43 akiwa na Plymouth ya silinda sita, gari dogo lisilotisha mbele ya magari yenye injini kubwa. Lakini Mantz alikuwa na uzoefu wa mbio ndefu za Indianapolis, na alijua mbio ndefu zinavyokula matairi. Alifunga matairi magumu ya aina ya lori, akaenda mwendo wake. Waliomzidi kasi walipasukiwa na matairi, wakaingia kubadilisha, wakatoka, yakapasuka tena. Baada ya zaidi ya saa sita Mantz alishinda kwa tofauti ya mizunguko 9, kwa wastani wa takriban kilomita 121 kwa saa.

Matairi ya siku hizi ni mengine, na mafundi huyabadilisha yote manne kwa sekunde kama kumi hivi. Somo la Mantz lingali pale pale, kwa kuwa lami ya Darlington ingali inakwaruza. Dereva anayetoka na matairi mapya na kuyatumia yote kwa pupa ataongoza mizunguko michache, kisha utamwona anapitwa mmoja baada ya mwingine. David Pearson, aliyeshinda pale mara 10 na hajafikiwa na yeyote katika ligi ya juu, alisifika kwa kuitunza gari yake na kuichochea mbio zikikaribia mwisho. Ukitaka kujua nani atashinda, usimtazame tu anayeongoza sasa. Mtazame yule wa nafasi ya nne au ya tano ambaye gari lake halichezi kwenye kona.

Wapo wanaodhani kugusa ukuta ni uzembe. Kwingine, mara nyingi ni kweli. Darlington, njia yenye kasi hupita juu kabisa, sentimita chache kutoka ukutani, kwa sababu huko kona inapanuka na gari halipotezi mwendo sana. Mkwaruzo wa ubavu wa kulia una jina lake, mstari wa Darlington, na mabingwa huondoka nao.

Kuhusu kwamba ni magari ya kawaida ya dukani: mwaka 1950 ilikuwa karibu na kweli. Leo milango haifunguki, dereva anaingilia dirishani, na taa za mbele ni stika tu.

Na kwamba dereva amekaa tu? Southern 500 hukimbiwa mwanzoni mwa Septemba, joto la kusini likiwa bado kali, na ndani ya gari joto huweza kupita nyuzi 50 za selisiasi kwa saa nne hivi. Machi 16, 2003, Kurt Busch alipoteza msaada wa usukani ikiwa imebaki mizunguko michache tu kumaliza. Alishindana na usukani mzito kwa nguvu za mikono, Ricky Craven akimganda ubavuni.

Uwanja huohuo, mwaka 1965, Ned Jarrett aliwahi kushinda kwa tofauti ya mizunguko 14. Siku ile ya 2003, Craven na Busch walitoka kona ya mwisho wakigongana, bati kwa bati, wakavuka mstari magari yakiwa yameshikana. Tofauti ilikuwa sekunde 0.002. Craven ndiye aliyetangulia.