Je, wajua mtandamboo hutambulikaje porini?

Katika nyika za Kenya na Tanzania kuna kichaka ambacho wachungaji hawakipiti bila kuchuma: mtandamboo. Wakikuyu huuita mukawa, Wamaasai olamuriaki, Wajaluo ochuoga. Kitaalamu ni Carissa spinarum, ingawa vitabu vya zamani huuandika Carissa edulis. Vitunda vyake huanza vikiwa kijani, hugeuka vyekundu, kisha zambarau inayokaribia weusi, na vikiiva ni vitamu.

Shida ni kwamba msunguti (Acokanthera schimperi) nao huzaa matunda ya zambarau, na huo ndio mti ambao wawindaji wa Kikamba na Kigiriama walichemsha ili kupata sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Miti hii miwili ni ya familia moja. Yote ina majani magumu yanayong'aa, yamepangwa mawili mawili yakitazamana. Yote hutoa maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri. Hata utomvu mweupe unaotoka ukivunja kijiti ni wa yote miwili, kwa hiyo anayekwambia uangalie maziwa tu hajakusaidia.

Tazama miiba. Ya mtandamboo ni migumu, imenyooka, hutoka kwenye tawi lenyewe, na mingine hufikia sentimita 5. Matawi ya msunguti hayana miiba. Ncha ya jani lake huweza kuchomachoma, na hapo ndipo mtu hudanganyika: mwiba unaotafutwa ni wa tawi, si wa jani. Tena vichaka vya porini husongamana, basi fuata kijiti kilichobeba tunda hadi uone mwiba juu yake. Ukubwa nao husaidia kidogo: tunda la mtandamboo lina kipenyo cha sentimita 1 hivi, la msunguti huweza kupita 2.

Lakini miiba bila utomvu haitoshi, maana nyikani karibu kila kitu huchoma. Mkunazi, kwa mfano, una miiba, ila majani yake hupishana kwenye tawi na hautoi maziwa.

Na ukikuta ua wa nyumba wenye miiba ya panda, mfano wa herufi Y, na matunda makubwa mekundu, huenda ni Carissa macrocarpa kutoka kusini mwa Afrika. Hayo nayo huliwa yakiiva.