Kabla ya fomu wani, mtoto asome nini?

Mtihani wa darasa la saba ukishapita Septemba, mtoto yuko nyumbani hadi Januari, sekondari zifunguliwe. Hapo ndipo wazazi wanapoanza kunitafuta. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari, na swali lao halibadiliki: nimnunulie kitabu gani cha Baiolojia?

Usinunue. Hicho atakikuta shuleni. Kinachomhangaisha mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Serikali ni lugha, maana miaka yote hiyo amesoma masomo kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa kipindi kimoja kati ya vingine. Ghafla mwalimu wa Jiografia naye anaongea Kiingereza. Ukimkaririsha majina ya sehemu za ua miezi hii, atayajua majina. Aya inayoyaeleza bado itamshinda. Ndiyo maana sina hamu na tuisheni zinazomaliza silabasi ya fomu wani kabla fomu wani haijaanza.

Mpe hadithi za Kiingereza, rahisi kuliko unavyodhani anastahili, na ziwe nyingi. Mfungulie ukurasa wowote wa katikati, asome kwa sauti, huku akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, rudisha kitabu rafuni. Wazazi wengi hapa huona aibu: "Mwalimu, hiki si cha watoto wa darasa la nne?" Sawa, na kiwe. Mtoto anayemaliza vitabu vinne vyembamba amekutana na maneno yaleyale mara nyingi mpaka yamemzoea. Aliyekwama ukurasa wa sita wa riwaya nene amejifunza kwamba Kiingereza hakimtaki.

Mahali pazuri pa kuanzia ni vitabu vya Richard Mabala, *Hawa the Bus Driver* na *Mabala the Farmer*. Vimesomeshwa kidato cha kwanza na cha pili kwa miaka mingi, sentensi zake ni fupi, na vinachekesha. Dereva wa basi mwanamke, au mtu wa mjini anayejaribu ukulima, ni watu ambao mtoto wa Kitanzania hahitaji kuelezwa. Akishazoea, apande hadi riwaya za vijana zilizoshinda Tuzo ya Burt hapa nchini, kama *The Detectives of Shangani* ya Nahida Esmail, yenye upelelezi wa watoto Zanzibar. Tena usimwulize mhusika mkuu ni nani wala dhamira ni zipi. Maswali hayo yanamsubiri miaka minne mizima.

Kiswahili nacho kisitupwe. Pumzi ya kusoma kurasa mia bila kuchoka huanza katika lugha unayoimudu, halafu huhamia kwenye nyingine. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert ni fupi na ina majini, ingawa Kiswahili chake kina msamiati mzito. Someni pamoja jioni. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda, huombwa sana na mabinti waliosikia sifa zake. Ni riwaya kubwa kuhusu msichana aliyelelewa kwa ukali kisha akapotea alipopata uhuru mbali na nyumbani. Kwa wa miaka 13 nasema asubiri kidogo, na akifika wakati wake mama naye akisome, wapate la kuzungumza.

Fedha isiwe kisingizio. Maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba zina sehemu ya watoto, na Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu pale Bibi Titi Mohamed. Wauza vitabu vya mitumba nao wana hadithi nyembamba kwa bei ya soda mbili tatu. Kamusi nunua moja nzuri, ila aifungue akishamaliza ukurasa, si kwa kila neno, la sivyo hadithi itamfia mkononi.