Mota ya kwenye vumbi ikifungwa inveta, ampea zitakudanganya

Kesi ninayoitiwa sana ni hii: mota ya mkanda wa kusafirisha mzigo imepiga kazi miaka na miaka ikiwa moja kwa moja kwenye umeme, wakaifunga inveta (kifaa kinachobadili Hz za umeme unaoingia kwenye mota) ili wapunguze spidi, baada ya muda imeungua, na fundi anaapa ampea zilikuwa sawa. Na kweli zilikuwa sawa, wala hadanganyi.

Iko hivi, mota nyingi zenye ganda lililozibwa kote zinapozwa na feni iliyokaa kwenye shafti yake yenyewe kule nyuma, kwa hiyo ukiishusha kutoka Hz 50 hadi 15 feni nayo inabaki na asilimia 30 ya spidi, ila mkanda wenye mzigo unadai msokoto (nguvu ya kuzungusha) uleule, kwa hiyo ampea hazishuki kivile. Joto lipo, upepo hakuna. Halafu juu yake vumbi. Kuna moja nilibandua kwa bisibisi unga ulioganda katikati ya mapezi ya kupoza ya ganda, mgumu kama simenti, chini yake rangi imekuwa kahawia.

Inveta inakadiria joto kwa kuangalia ampea na spidi, habari za vumbi haizijui. Kinachojua ni themista, yaani kihisi joto kilichozikwa ndani ya waindingi (koili za mota), ndiyo ivutwe waya mpaka kwenye inveta ili itripu, yaani izime mota. Mara ngapi nimefungua boksi la mota nikakuta zile waya mbili zimekunjwa tu pembeni, zimepigwa tepu, hazijaenda popote! Kama spidi ya chini ndiyo kazi ya kila siku, weka feni ya pembeni yenye umeme wake.

Vumbi linaloweza kuwaka, kama unga, sukari au la mbao, hilo ni suala jingine. Alama ya IP65 kwenye mota maana yake vumbi haliingii ndani na maji ya kurushwa hayaidhuru, basi, haisemi chochote kuhusu mlipuko. Hapo unatafuta mota yenye cheti cha zoni yako (daraja la hatari ya mlipuko la eneo lako) na kinachoruhusu inveta, na kwa tabaka la vumbi lisilozidi mm 5, joto la ganda libaki angalau nyuzi 75 chini ya lile linalolifanya lianze kufukuta. Na tafadhali usipulize kwa kompresa, unatengeneza wingu lenyewe la kulipuka, nyonya kwa mashine iliyoruhusiwa kwa vumbi hilo.

Inveta yenyewe ikae chumba kingine kisafi ikiwezekana. Ukiifungua kusafisha, zima, piga kufuli, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha pima voti za DC mwenyewe, maana skrini inaweza kuzima huku kapasita za ndani bado zimejaa umeme.