Kabla hujaandika kadi ya dinosaria: dhana potofu na ukweli

Watoto hupenda michezo ya kadi za wanyama kwa sababu kila kadi ina cha kushindania: kimo, uzito, mbio. Lakini kosa likishachapwa kwenye kadi, mtoto hukua nalo. Anayetengeneza kadi za Kiswahili na aanzie Tendaguru, mkoani Lindi, walikofukuliwa dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita.

“Dinosaria wa Tendaguru alikuwa mjusi mkubwa.”
Mtazame mjusi ukutani: miguu imetanuka pembeni na tumbo linakaribia kugusa ukuta. Dinosaria alisimama kama tembo, miguu imenyooka chini ya mwili. Giraffatitan, yule dinosaria wa Tendaguru ambaye kiunzi chake kimesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, alikuwa na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wake uliteremka kuelekea mkiani. Kuku wa nyumbani ana undugu wa karibu zaidi naye kuliko mjusi, hata kuliko mamba, maana ndege wametokana na dinosaria.

“Kiunzi cha Berlin ni cha mnyama mmoja, na walichimba Wajerumani.”
Hapa kuna makosa mawili. Kiunzi hicho, ambacho leo kina kimo cha mita 13.27, kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa wa aina hiyo, na sehemu zilizokosekana zikaundwa. Kuhusu kuchimba, ni kweli kwamba Werner Janensch na Edwin Hennig waliongoza msafara ulioanza 1909. Ila hadi kazi ilipokwisha 1913, waliofukua ni mamia ya vibarua Waafrika chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kutoa mifupa ardhini bila kuivunja. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kadi ya Tendaguru isiyomtaja Boheti ni pungufu.

“Giraffatitan alikuwa na uzito wa tani 80.”
Hayo ni makadirio ya zamani. Ya siku hizi mengi yako kati ya tani 23 na 40.

“Alipigana na Tyrannosaurus rex.”
Hawakukutana kabisa. T. rex aliishi Amerika Kaskazini, na kati yao ilipita zaidi ya miaka milioni 80. Kutoka kwa T. rex hadi kwetu ni miaka milioni 66 tu! Kwenye kadi, Giraffatitan apangwe na Kentrosaurus, jirani yake wa Tendaguru mwenye miiba mirefu mgongoni na mkiani.

“Silikanti alitoweka pamoja na dinosaria.”
Ndivyo wataalamu walivyoamini kuhusu samaki huyu wa kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga nao wamemnasa kwa jarife, na tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

“Fisi ni huntha, na anakula mizoga tu.”
Fisi madoa wana dume na jike. Ni kwamba jike ana kiungo cha nje kinachofanana sana na cha dume, na ndiye mwenye amri katika kundi. Mtafiti wa wanyama Hans Kruuk alipowafuatilia usiku huko Ngorongoro miaka ya 1960, alikuta wanawinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi simba ndio waliokuja kuwanyang’anya. Kwenye safu ya uwindaji, fisi apewe alama za juu.