Faili lako bado lipo, liko kwenye .snapshot

Juzi saa kumi jioni dada mmoja wa mwaka wa mwisho kaingia ofisini kwetu, sisi tunaosimamia seva ya chuo, anatetemeka. Faili la utafiti wake la miezi saba kalifungua kakuta kurasa mbili tu, kumbe kuna kopi ya zamani kwenye flashi aliipesti juu ya ile mpya kwenye folda yake ya mtandao wa chuo. Kabla ya kuja alikuwa ameshadanlodi programu mbili za kurudisha mafaili na hazikumsaidia kitu, maana zile zinapekua diski ya kompyuta uliyokalia, na faili lake halijawahi kukaa pale, linakaa kwenye seva.

Jamani, seva yetu inapiga snapshoti, yaani kama picha ya mafaili yalivyo kwa wakati ule. Muda ukifika haikopi mafaili yote, inaweka tu kumbukumbu ya vipande gani vya data viko wapi kwenye diski wakati ule, halafu ukibadilisha faili vipande vipya vinaandikwa sehemu nyingine na vile vya zamani haviguswi maadamu kuna snapshoti inavishikilia. Ndo maana inachukua sekunde tu na diski haijai haraka.

Sisi tunatumia NetApp, aina ya seva ya kutunzia mafaili, na ratiba ya snapshoti tumeiacha ile ile inayokuja nayo: kila saa kwenye dakika ya 5, zinabaki 6. Jumatatu mpaka Jumamosi saa sita na dakika 10 usiku, zinabaki 2. Jumapili saa sita na robo usiku, zinabaki 2 pia. Ikiingia mpya, ile ya zamani kuliko zote kwenye kundi lake inafutwa.

Kwenye Windows bonyeza folda kitufe cha kulia, nenda Properties halafu Previous Versions. Kwenye Linux ukiwa kwenye folda yako andika mwenyewe cd .snapshot kuingia folda ya snapshoti, kwetu huioni hata ukipiga ls -a inayoonyesha vilivyofichwa, ila ipo. Sasa hapa kwenye majina ya snapshoti, yenye tarehe na saa ilipopigwa, ndo watu wengi wanapotea. Yule dada aliniambia "kaka, saa nane faili lilikuwa zima", akawa anatafuta snapshoti ya 08, haipo, akaanza kulia. Seva inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa nane mchana ni 14, kuanzia 07 mpaka 18 toa sita utapata saa yetu. Tukaangalia 1505, yaani ya saa tisa na dakika 5, faili lina KB 61, tayari limeharibika. Tukarudi 1405, MB 2.3! Nikamwonyesha cha kuandika:

cp -p .snapshot/hourly.2025-05-14_1405/utafiti.docx utafiti_saa8.docx

Ona jina la mwisho, nimelibadilisha makusudi. Usikopi juu ya faili lililopo hata kama unaona limeharibika, kwanza fungua uliyoirudisha uhakikishe ndo yenyewe. Ndani ya .snapshot huwezi kuharibu chochote, ni ya kusoma tu, na ruhusa ni zile zile za mafaili yako kwa hiyo hakuna mtu anayechungulia ya mwenzake.

Aya aliyoandika kati ya saa nane na dakika tano na saa tisa kasorobo alipopesti, hiyo imeenda. Na faili ulilolitengeneza saa tatu na dakika 10 ukalifuta saa tatu na dakika 50 hakuna snapshoti iliyoliona. Ulichoseva kwenye Desktop ya kompyuta ya maabara nacho hatukioni kabisa. Halafu snapshoti zinakaa kwenye diski zile zile za seva, diski zikifa zinakufa nazo, kwa hiyo bado tunatunza bakapu nyingine jengo tofauti, ila kutoa faili kule ni kazi ya siku nzima na lazima tufanye sisi.

Kwa hiyo ukiona faili limeharibika usikae nalo. Yule dada alifika saa kumi, ile ya 1405 ilikuwa inafutwa saa mbili na dakika tano usiku.