Je, wajua kwa nini ulemavu wa asilimia 50 na wa 30 haufanyi 80?

Askari wa zamani wa Marekani aliyepimwa asilimia 50 kwa kiwewe cha vita na 30 kwa goti hutarajia fidia ya ulemavu wa asilimia 80. Barua ya Wizara ya Maveterani humwandikia 70, na wengi hudhani wamepunjwa. Hesabu hiyo ina msingi wake, nao ni kwamba mtu hawezi kupoteza zaidi ya mwili mzima. Asilimia kubwa huanza kutolewa katika 100, zikabaki 50 za uzima. Kisha goti hupunguza asilimia 30 ya hizo zilizobaki, yaani 15. Jumla ni 65, nayo hukadiriwa hadi kumi iliyo karibu, ambayo ni 70; ingekuwa 64, ingeshuka hadi 60. Ndiyo maana mwenye 90 akiongezewa ulemavu wa 10 hufikia 91 tu, na malipo yake hubaki ya 90.

Kabla ya kufika kwenye asilimia, mdai huonyesha mambo matatu: ugonjwa alionao sasa, tukio au jeraha la wakati wa utumishi, na uhusiano kati ya hayo mawili. Ugumu hukaa zaidi kwenye hilo la tatu, kwa sababu mpiga mizinga anayesikia mlio masikioni miaka 20 baadaye huenda hana karatasi yoyote ya hospitali ya kikosini. Hapo sheria ina busara ambayo naona inafaa kuigwa: daktari haulizwi kama ana hakika, bali kama uwezekano wa uhusiano huo unafikia angalau nusu kwa nusu, na ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka humfaa askari. Kwa baadhi ya magonjwa, uhusiano huchukuliwa kuwa upo bila kuthibitishwa, kama ilivyo kwa waliokuwa Vietnam kulikomwagwa dawa ya kuua majani, na, tangu sheria ya 2022, kwa wengi waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Irak na Afghanistan.

Hata asilimia 0 ina thamani. Hailipi fidia ya kila mwezi, lakini inakiri kwamba ugonjwa umetokana na utumishi, hivyo ukizidi, askari huomba tu kiwango kipandishwe. Asiyeridhika na uamuzi ana mwaka 1 wa kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa mwandamizi aupitie upya, au kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani, na bado akalinda tarehe ya dai lake la awali.